Mizani Isiyokaguliwa

Tunapowafundisha vijana juu ya ubaguzi wa rangi, huanza na Mkoloni, wala si kosa. Hadi Uhuru wa 1961, shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Oktoba mwaka huo, baadhi ya Wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Mwalimu Nyerere aliipinga hoja yao kwa ukali. Historia hiyo yafaa kukumbukwa, ila ina hatari moja: humfanya msomaji adhani ubaguzi ni ugonjwa wa watu wengine.

Nami nilidhani hivyo. Utotoni nilikariri kwamba binadamu wote ni ndugu zangu; ukubwani nimetunga mashairi ya umoja wa taifa. Kisha, nikiwa mtumishi katika ofisi moja mkoani Shinyanga, walikuja wananchi watatu wenye ombi moja. Wawili walikuwa weusi kama mimi. Nikapokea fomu zao, nikagonga mhuri. Wa tatu alikuwa mzee wa asili ya Kihindi, ambaye baba yake alikuwa karani katika kinu cha pamba. Yeye nilimdai cheti cha kuzaliwa, kisha na cha baba yake. Alikuwa amenisalimu "Mwangaluka" kwa Kisukuma safi kuliko changu, maana mimi ni mtu wa pwani. Kati yetu wanne, yeye peke yake ndiye mzaliwa wa mji ule.

Alipotoka, karani kijana akaniuliza kwa adabu, "Mzee, mbona wale wawili hukuwadai vyeti?" Nikajibu upesi kwamba ndivyo kanuni itakavyo. Kanuni haikutaka hivyo. Wala sikumchukia mzee yule; ningemchukia, ningalijijua.

Kule Geita, mchimbaji mdogo apelekapo dhahabu kwa mnunuzi huitazama mizani kwanza. Mimi nilipima watu miaka mingi, na mizani yangu sikuikagua. Wako watakaonitetea wakisema Wahindi nao hujitenga, hawatuozi binti zao. Mzee yule hakuja kuposa. Alikuja kutafuta mhuri.

Jioni ile nilifungua majalada ya mwaka mzima. Niliowadai cheti cha baba, wote isipokuwa mmoja, walikuwa na majina ya Kihindi au ya Kiarabu. Nikatuma ujumbe mzee aje achukue fomu yake, imekwisha kugongwa mhuri. Alikuja kesho yake asubuhi, na cheti cha baba yake mkononi.