Sadaka na Kura

Mtu akupapo msaada huku akitafuta jambo lake, je, yakupasa kumshukuru? Swali hili tulilizungumza darasani petu hapa Nuu, na mfano uliotufaa ni wa wanafunzi waliosafirishwa kwa ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya. Kundi la kwanza, watu 81, liliondoka mwaka 1959. Mwaka 1960 nauli ya kundi la pili ilikosekana, na serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kataa kuilipa. Mboya akamwendea John Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, na wakfu wa jamaa yake ukaahidi dola 100,000. Nixon, mshindani wake, akaihimiza serikali, nayo ghafula ikaiona haja ambayo hapo kwanza haikuiona! Kura za Wamarekani weusi zilikuwa zikitafutwa na pande zote mbili.

Wako wasemao kuwa fedha hizo zilikuwa na doa. Twaona kwamba doa hilo, kama lilikuwapo, ni la mtoaji, na hesabu ya nia yake si juu yetu. Mpokeaji ana hesabu yake mwenyewe: elimu ameitumiaje? Wangari Maathai alikwenda mwaka huo wa 1960, akasoma Kansas kisha Pittsburgh, akarudi kufundisha Nairobi na kuwahimiza wanawake wapande miti.

Tena walikuwako watoaji wengine, jamaa na majirani waliochanga vijijini ili msafiri apate viatu na koti. Hao hawakuwa na uchaguzi wa kushinda. Aliyerudi akapata cheo, akamtaja Kennedy kila mara na hao asiwataje, huyo ndiye tunayemlaumu.