Mfano wa Mungu Haupimwi kwa Mizani

Huko Salamabila, kwenye eneo la Kabambare mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, dhahabu ndiyo imeamua kwa muda mrefu nani ana thamani na nani hana. Kampuni ya Banro ya Kanada ilipoanza uzalishaji wa kibiashara kwenye mgodi wa Namoya mwaka 2016, wachimbaji wa mikono waliokuwa wakila kwa mashimo yale wakageuka kuwa watu wa kuondolewa. Wapiganaji wa Mai-Mai Malaika nao, waliojitangaza watetezi wa wenyeji, waliteka nyara wafanyakazi wa mgodi, hadi shughuli zikasimama mwaka 2019. Sisemi makosa yao yalilingana. Nasema tu kwamba pande zote mbili zilifanya hesabu moja: mtu ama ni kizuizi cha kuhamishwa, ama ni mateka wa kukombolewa kwa fedha.

Hesabu hiyo ni kongwe kuliko mgodi. Tarehe 15 Julai 1871, mmishonari Livingstone akiwa Nyangwe, watu wa wafanyabiashara Waislamu wa pwani walifyatulia risasi soko lililojaa watu, wengi wao wanawake, na mamia wakafa, wengine wakizama katika mto Lualaba. Waliofyatua hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliiteka Kasongo kwa jina la kukomesha utumwa, na utawala huohuo uliotoka nchi ya makanisa ukawatia watu kwenye upagazi na kazi za kulazimishwa. Waislamu na Wakristo walikuwa na fundisho la kutosha juu ya Adamu. Kasoro ilikuwa sharti walilolitundika juu ya fundisho hilo: heshima kamili ni ya muungwana, au ya aliyestaarabika, na wengine wasubiri.

Wapo wahubiri wanaolirudisha sharti hilo kwa mlango mwingine. Husema kuwa mfano wa Mungu ulipotea Adamu alipoanguka, kwa hiyo anao aliyeokoka tu. Maandiko hayawaungi mkono. Katika Mwanzo sura ya 9, dhambi imekwisha kuingia, gharika imepita, na sura ya 8 imetoka kukiri kuwa moyo wa mwanadamu ni mbaya tangu ujana; hapo ndipo kumwaga damu kunakatazwa, na sababu inayotolewa ni mfano wa Mungu. Naye Yakobo anakataza kuwalaani watu kwa sababu hiyohiyo, bila kuuliza wameokoka au la. Waislamu wa Maniema, ambao si wachache, wanaweza kutofautiana nasi juu ya maana ya neno mfano; lakini Surat al-Israi, aya ya 70, inasema Mungu amewatukuza wana wa Adamu, na haisemi waumini peke yao.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wafiwa. Kamanda aliyechoma kijiji na kuamuru wanawake wabakwe, naye ni mfano wa Mungu? Ndiyo, na jibu hili haliwezi kulainishwa. Ila lisieleweke kama huruma ya bure. Aya ileile ya Mwanzo 9 inayotaja mfano wa Mungu inamdai muuaji damu aliyoimwaga. Chui akiua mbuzi hapelekwi mahakamani. Mtu hupelekwa, kwa sababu tunaamini alijua alichofanya na angeweza kukataa. Kumchoma moto barabarani kijana anayedhaniwa kuwa Mai-Mai ni kumfanya mnyama, na kumvisha nyota za jeshi mwenye damu mikononi bila kumhoji ni vivyo hivyo, kwa njia ya adabu zaidi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 16, inasema utu ni mtakatifu, na sheria ya msamaha ya 2014 iliacha nje uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Maneno hayo mawili yanakwenda pamoja. Kamanda anastahili wakili, chakula gerezani na kesi ya haki. Wajane wa Kabambare wanastahili kuketi chumba hichohicho wakimsikia akijibu, jina kwa jina, juu ya waume zao.