Hotipoti ya Pili

Karibu mwaka 312, mashua ya serikali ya Kirumi ilikuwa ikishuka Mto Nile imejaa vijana waliokamatwa vijijini ili wakapigane vita visivyowahusu. Ilipofika mji wa Thebes, vijana wale wakafungiwa gerezani wasije wakatoroka usiku. Miongoni mwao alikuwemo Pakomi, mwenye umri wa miaka 20 hivi, mtoto wa wazazi walioabudu miungu ya kale ya Misri. Jioni wakaja wenyeji wa mji na chakula, wakawahimiza wafungwa wale mpaka washibe. Pakomi akashangaa. Akauliza ni watu gani hawa wanaojihangaisha kwa ajili ya vijana wasiowajua. Akajibiwa kuwa ni Wakristo, na kwamba wao humtendea mema kila mtu, hata mgeni.

Usiku ule akamwomba huyo Mungu wao, akaahidi kwamba akitoka salama atawatumikia watu maisha yake yote. Vita vikaisha, akaachiwa, akabatizwa. Baadaye akaanzisha maisha ya watawa wanaokaa pamoja, wanaosali pamoja na kufanya kazi pamoja. Alipofariki alikuwa ameacha monasteri tisa za wanaume na mbili za wanawake, na mwaka 404 Mtakatifu Yeronimo aliitafsiri kanuni yake kwa Kilatini. Masista na mabruda unaowaona leo wakihudumu zahanati na shule zetu wanaishi maisha ambayo yeye ni mmoja wa walioyaasisi.

Sasa nikuulize, ndugu msomaji: walioleta chakula kile gerezani waliitwa nani? Hakuna ajuaye. Hawakupanda mimbarani, wala hawakumhoji Pakomi dini yake kabla ya kumpakulia. Walipika, wakabeba, wakafika.

Hilo ndilo linalowaka moyoni mwangu. Tunajua kuimba, tunajua kukesha, tunajua kuchangia ujenzi wa kanisa mpaka paa linakamilika. Yote hayo ni mema na yaendelee. Lakini mtu usiyemjua, aliye mita mia moja kutoka mlangoni kwako, hawezi kuiona imani yako kwa kutazama paa. Ataiona siku utakapomfikia.

Anzia wodini. Yeyote aliyewahi kuuguza anajua jinsi saa ya kuona wagonjwa inavyokwenda. Mlango unafunguliwa, ndugu wanamiminika na vikapu, chupa za chai, hotipoti za wali na ndizi. Vitanda vinazungukwa, sauti zinapanda, watu wanacheka kidogo na kulia kidogo. Kisha kuna kitanda kimoja ambacho hakuna anayekiendea. Aliyelala pale ametoka mbali. Pengine rufaa imemtoa Kigoma ikamleta Hospitali ya Bugando, Mwanza. Pengine yuko Dar es Salaam, Ocean Road, anapata mionzi ya saratani, tiba ambayo kwa kawaida hutolewa siku tano za juma kwa wiki kadhaa mfululizo. Ndugu aliyemsindikiza amerudi shambani kwa sababu msimu haumsubiri mtu, au nauli yake ilitosha kuja tu. Mgonjwa anageukia ukutani ili asionekane anatazama chakula cha wenzake.

Mpikie huyo. Siku unayokwenda kumwona shangazi yako, beba hotipoti ya pili. Kwanza muulize muuguzi, maana anayesubiri upasuaji haruhusiwi kula, na mwenye kisukari ana mlo wake. Ukiambiwa leo asile, usirudi nyuma. Vuta kiti, msalimie, muulize kwao ni wapi na mvua zimeanzaje. Mpe simu yako azungumze na mama yake, kwa sababu aliye mbali na kwao huishiwa vocha mapema, na sauti ya nyumbani humfanya mgonjwa akubali kula hata uji alioukataa asubuhi. Uliza kama ana nguo ya kufuliwa. Kanga mbili chafu ni kazi ya nusu saa kwako, ila kwake ni aibu iliyomkaa tangu Jumatatu.

Na ukishatoka wodini, pita chumba cha damu. Mwanamume mwenye afya njema anaweza kuchangia damu kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Chupa yako itamwingia mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, na hamtafahamiana milele. Sioni sadaka iliyo safi kuliko hiyo.

Najua utasema huna uwezo. Wengi tunasema hivyo, na kwa kweli maisha ni magumu. Ila nadhani tatizo letu lina mzizi mwingine: tumemfanya Msamaria mwema kuwa shujaa mkubwa mno, hata tukakata tamaa ya kumwiga. Soma tena Luka sura ya 10, taratibu, uangalie alichofanya hasa. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko inateremka karibu mita 1,000 katika kilomita zisizofika 30, nyikani, penye miamba ya kujifichia wanyang'anyi. Mtu huyu alikuwa safarini kwa shughuli zake. Alitumia mafuta na divai alivyokuwa navyo, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, akamuuguza usiku mmoja katika nyumba ya wageni, asubuhi akamwachia mwenye nyumba dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kisha akaendelea na safari, akiahidi kupita tena.

Ujira wa siku mbili, usiku mmoja, na vitu alivyokuwa navyo mkononi. Hakuuza shamba, hakuacha biashara yake, wala hakuunda kamati. Sehemu iliyobaki alimkabidhi mtu mwingine aliyeweza kuifanya vizuri zaidi. Kuhani na Mlawi waliompita majeruhi kabla yake hawakukosa mali. Walichokosa ni kusimama. Wahenga wetu walishamaliza hoja hii waliposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na Mathayo sura ya 25 inatuonyesha mizani ya siku ya mwisho: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, mfungwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao sita anayehitaji uwe na shahada au akaunti nono ndipo umkaribie.

Tazama basi walio karibu nawe usiowajua. Mlinzi wa jengo la jirani anayekesha kwenye baridi ya Juni na redio ndogo: chupa ya chai ya tangawizi saa nne usiku ni kitu kikubwa kwake. Dada wa kazi aliyeletwa juzi kutoka kijijini, anayeogopa hata kuvuka barabara kwenda dukani: msalimie kwa jina lake na umwonyeshe kituo cha afya kiko wapi. Mpangaji mpya aliyehamia chumba cha uani, ambaye mtaa mzima umeshamjadili na hakuna aliyemgongea hodi. Mzee aliyeshuka standi na mfuko wa viazi, ameshika karatasi yenye namba ya simu ya mwanawe isiyopatikana. Huyo wa mwisho, usimnyooshee kidole kuelekea daladala kisha ukaondoka. Panda naye, au kaa naye mpaka simu ipatikane. Dakika arobaini zako zitamwokoa na usiku mzima wa hofu.

Hapa kuna mambo mawili yanayoweza kuharibu wema wetu, nayo nayasema kwa uchungu.

La kwanza ni kamera. Siku hizi kuna watu hawawezi kumpa mjane kilo mbili za unga bila kumpanga mbele ya simu, unga kifuani, uso umeinama. Picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka wanawe waione. Umempa chakula cha siku tatu na fedheha ya miaka. Yesu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue la mkono wa kulia, na fundisho hilo linamlinda anayepokea kuliko linavyomlinda anayetoa. Acha simu mfukoni.

La pili ni kutoa kwa masharti: chai kwanza, halafu vipindi vya kumbadili dini. Msamaria hakuwa wa imani moja na majeruhi wake. Wasamaria waliabudu kwenye mlima Gerizimu, Wayahudi Yerusalemu, na walichukiana, lakini Yesu alimteua huyo awe mfano wetu. Jirani yako Mwislamu atendewe mema kwa sababu ni jirani, basi. Naye akikuletea pilau ya Idi, pokea kwa furaha. Mtume Paulo mwenyewe alipovunjikiwa na meli Malta, akiwa na wenzake, jumla watu 276, waliowawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi walikuwa wenyeji wasiowahi kusikia Injili. Mkristo anayejua kutoa tu, asiyejua kupokea, huishia kujiona bwana wa watu.

Utapeli upo pia, sikatai. Wapo wanaobeba cheti cha hospitali cha mwaka juzi wakiomba nauli. Busara haikatazwi: badala ya pesa mkononi, kata tiketi mwenyewe, nunua dawa mwenyewe, nenda wawili badala ya mmoja. Lakini aliyewahi kutapeliwa shilingi elfu tano asimfungie mlango mwenye shida ya kweli kwa miaka kumi. Hasara ya elfu tano inavumilika. Moyo uliofungwa ni hasara kubwa zaidi.

Wala tusisubiri mtu mmoja mmoja apate msukumo. Sisi wa Afrika Mashariki tuna hazina iliyo tayari. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, chini ya umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha uchungaji. Leo zipo kila mtaa, na madhehebu mengine nayo husali nyumba kwa nyumba. Jumuiya yako inajua nani amejifungua na nani amefiwa, na inafika kabla ya jua kuchwa. Nguvu hiyo imezoea kuzunguka kati ya wanajumuiya wenyewe kwa wenyewe. Igeuzeni kidogo itazame nje. Familia mbili kila wiki zishike zamu ya wodi. Mwingine ashike mtaa, ajue nani amehamia. Kikapu kidogo cha wageni kikae pembeni ya kile cha michango, na mtunza hazina aruhusiwe kutoa nauli bila kikao.

Mwenyekiti wa jumuiya, wiki hii usifunge sala kabla hujauliza ni nani mgeni mtaani kwetu, na nani atakwenda kwake kesho. Nawe usiye mwenyekiti, swali hilo likiulizwa, nyoosha mkono.