Ndege, Khofu na Fimbo ya Nabii Musa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake. Ama baad.

Likizo inakaribia na baadhi yetu watapanda ndege. Wapo waliopata nafasi za masomo ng'ambo, wapo watakaokwenda umra na wazazi wao. Na miongoni mwao wapo ambao usingizi umewapaa kwa sababu ya ndege yenyewe, lakini hawasemi. Kijana wa chuo kikuu, tena anayesoma dini, ataanzaje kusema kwamba anaogopa ndege? Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo naanza na nafsi yangu.

Mjomba wangu anafanya kazi Muscat. Mwaka juzi alitaka kutulipia umra, bibi yangu na mimi. Bibi ni mjane, anaishi Buyenzi, Bujumbura, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwa mahramu wake safarini. Nilipoulizwa kuhusu pasipoti nilijibu kwamba haijatoka. Ilikuwa imetoka, iko chini ya godoro langu hosteli. Bibi akaniambia kwenye simu, "Si neno, mjukuu wangu. Siku yetu bado." Aliupokea uongo wangu kama qadari ya Allah.

Tulikwenda mwaka uliofuata. Katika mwaka ule mmoja magoti yake yalikuwa yamekwisha nguvu. Alitufu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mimi nasukuma nyuma, na kila mzunguko nilikuwa naikumbuka ile pasipoti.

Khofu yenyewe si dhambi

Ndugu zangu, tusimwambie mwenzetu anayeogopa kwamba imani yake ni dhaifu. Tumtazame Nabii Musa (a.s.). Katika Sura Al-Qasas, aya ya 31, fimbo yake ilipogeuka na kuanza kwenda kama nyoka, aligeuka akakimbia, wala hakutazama nyuma. Huyu ni Mtume, yuko mbele ya Mola wake, anazungumzishwa. Lakini mwili wake ulifanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya. Allah hakumlaani wala hakumvua utume. Alimwita arudi, akamtuliza kwamba yuko katika amani. Na katika Sura Taha, aya ya 21, tunaona aliamrishwa amshike nyoka yule yule aliyemkimbia.

Kisha akatumwa kwa Firauni. Hapo yapo mambo matatu ya kuyashika.

La kwanza, aliitaja khofu yake. Alimweleza Mola wake waziwazi kwamba anaogopa watamwua. Hakutafuta kisingizio. Mimi nilitafuta kisingizio, na hapo ndipo lilipo kosa langu. Moyo kwenda mbio si jambo ulilolichagua, ila ulimi kusema uongo umeuchagua mwenyewe.

La pili, aliomba mwenzake. Alimwomba Allah ampe ndugu yake Harun wa kumtia nguvu, na ombi lake likakubaliwa. Kumbe kuomba mtu wa kukaa karibu nawe si aibu.

La tatu, alikwenda. Khofu ilikuwa bado ipo: katika Taha aya ya 45 yeye na Harun wanasema tena kwamba wanaogopa. Jibu walilopewa katika aya inayofuata ni kwamba Allah yuko pamoja nao, anasikia na anaona. Hawakuambiwa wasubiri mpaka khofu iishe ndipo waende.

Funga ngamia wako

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi. Basi na sisi tufunge wetu.

Ukiingia ndani, mwambie mhudumu kwamba unaogopa. Wamezoea, na wengi wao watapita kukuangalia. Omba kiti karibu na mabawa, maana huko mtikisiko hupungua. Jua sauti mapema: muda mfupi baada ya kupaa utasikia mshindo chini ya miguu, hayo ni magurudumu yanakunjwa. Kisha mngurumo wa injini hupungua, kwa sababu ndege haihitaji tena nguvu ile ya kuinukia. Haijazimika. Ikitikisika mawinguni, ni hewa inayopanda na kushuka, mfano wa barabara yenye mashimo. Kaza mkanda na uvute pumzi polepole. Na ikiwa khofu imekuzidi hadi inakuzuia masomo au ibada, nenda kwa daktari. Kutafuta dawa ni Sunna.

Kisha yapo ya ulimi. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia, katika Sahih Bukhari, kwamba maswahaba walikuwa wakipanda mwinuko wanaleta takbira, na wakishuka wanaleta tasbihi. Sijui kama kuna msafiri anayeihitaji Sunna hii kuliko abiria wa ndege. Ikiinuka, Allahu Akbar. Ikishuka, Subhanallah. Inakupa kazi ya kufanya katika zile dakika ambazo mikono yako haina la kufanya.

Dua haikuahidi kwamba hutakufa

Angalieni dua ya kupanda chombo, iliyo katika Sura Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14. Inamtakasa Aliyetudhalilishia chombo ambacho kwa nguvu zetu tusingekiweza, kisha inamalizia kwamba sisi kwa Mola wetu tutarejea. Safari haijaanza na tayari tunakumbushwa marejeo. Muumini hapandi kwa sababu amehakikishiwa kufika. Anapanda kwa sababu anajua akifika na asipofika, ni kwa yule yule Mola anakokwenda.

Mfano wake ni Ummu Haram (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipotaja watu wa umma wake watakaopanda bahari, aliomba awe miongoni mwao, akaombewa. Zama za ukhalifa wa Uthman (r.a.) alivuka kwenda Saiprasi. Bahari haikumdhuru. Alipofika nchi kavu akaanguka kutoka juu ya mnyama wake, akafariki. Kaburi lake linazuriwa mpaka leo karibu na mji wa Larnaca. Ajali yake haikuwa pale ambapo watu walikuwa wakiogopa.

Na sisi je? Tunapanda bodaboda bila kofia ngumu, watu watatu, mvua inanyesha, wala dua hatusomi. Tunapanda basi la usiku kurudi nyumbani na tunalala kabla halijatoka mjini. Dua tumeiweka akiba ya ndege!

Namalizia kwa bibi. Tulipokuwa tunatoka Bujumbura kwenda Addis Ababa kubadili ndege, alinishika mkono akaniuliza kwa nini umelowa jasho. Nikamwambia yote, pamoja na habari ya pasipoti. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ungeniambia tu, mjukuu wangu. Hata mimi naogopa. Tungeogopa pamoja." Akaendelea na tasbihi yake, na mkono wangu hakuuachia.

Mimi bado naogopa ndege. Ila pasipoti siifichi tena. Na wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu anasubiri safari kwa sababu yako, mpigie leo umwambie ukweli.

Ewe Mola wetu, tunajikinga kwako na hamu na huzuni, na udhaifu na uvivu. Wafikishe salama wasafiri wetu, wasamehe wazee wetu, na utujaalie marejeo mema kwako. Amin.

Wabillahi tawfiq.