RAMADHANI, SIKU YA 21: Bunduki haina mtani



Ndugu zangu, poleni na swaumu. Kumi la mwisho ndiyo limeingia hilo, Allah atujaalie tulipate lote tukiwa na afya.

Jana usiku kijana mmoja wa humu humu amenitumia klipu. Vijana watatu wamejificha kwenye kona, mmoja kashika bastola ya bandia. Bodaboda anafika, wanamrukia: "Shuka! Lete funguo!" Yule dereva anaitupa pikipiki, anakimbia mpaka anatumbukia mtaroni. Ndipo wanatoka na kamera wakicheka. Naye anacheka, kicheko cha mtu ambaye magoti bado yanatetemeka. Kijana wetu anauliza: "Ustadh, bastola yenyewe ya plastiki, hakuna aliyeumia, na jamaa mwenyewe kacheka. Ubaya uko wapi?"

Swali ni zuri, na sitalijibu kwa ukali, maana mimi mwenyewe nimewahi kucheka.

Ilikuwa Ramadhani kama hii, miaka kadhaa nyuma, huku Ujiji. Baada ya tarawehe tulikuwa tunakaa kwenye baraza la duka moja karibu na msikiti, tunangoja kahawa. Duka lilikuwa na mlinzi mwenye bunduki, mcheshi sana, kila mtu anampenda. Muuza kahawa alikuwa mzee mmoja aliyevuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita vya 1996, akabaki huku. Mtu mpole, anayekuuliza hali ya watoto kabla hajakumiminia.

Usiku ule mlinzi akajificha nyuma ya nguzo. Mzee alipokaribia, akajitokeza, akakoki bunduki na kumwelekezea: "Simama hapo hapo! Lala chini!"

Birika likaanguka, kahawa ya moto ikammwagikia mguuni. Mzee hakupiga kelele. Alipiga magoti, akalala kifudifudi, akaweka mikono kisogoni, kama mtu anayejua vizuri jinsi ya kulala hivyo. Baraza zima tukacheka. Na mimi, imamu wao, niliyetoka kuwasalisha muda si mrefu, nikacheka.

Kisha tukasikia anatoa shahada. Anairudia, pole pole, uso uko mchangani.

Mlinzi akamkimbilia: "Mzee wangu, nakutania tu! Haina risasi, tazama!" Akaifungua akatuonyesha. Kweli, ilikuwa tupu. Tukamwinua, tukamfuta mchanga, tukachanga pesa ya kahawa iliyomwagika. Akasema "haidhuru", akaondoka. Siku iliyofuata hakuja. Kesho yake hakuja. Nikamfuata nyumbani kumwomba radhi. Akanikaribisha vizuri, kisha akaniambia: "Sheikh, yule kijana nimemsamehe. Lakini nilipolala pale chini niliwasikia mnacheka. Na kule kwetu, wale wenye bunduki pia walikuwa wanacheka."

Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

*Sasa tuangalie dini inasemaje.* Imam Ahmad amepokea kwamba Maswahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akasinzia. Wenzake wakaichukua mishale yake kwa mzaha. Alipoamka akashtuka, na watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) akauliza wanacheka nini. Walipomweleza, akawafundisha kwamba si halali Muislamu kumtia Muislamu mwenzake hofu. Abu Daud naye ameipokea, na kwake kilichochukuliwa ni kamba.

Hebu litazameni vizuri tukio hili. Hakuna aliyeelekezewa mshale, hakuna tone la damu, na wote ni marafiki. Aliyelala kashtuka kwa muda mfupi tu. Hata hivyo hukumu haikungoja mtu aumie, kwa sababu ile hofu yenyewe ndiyo madhara. Kijana wangu, hapo ndipo jibu lako lilipo. Unaposema "hakuna aliyeumia", unahesabu mifupa na ngozi. Moyo hujauhesabu.

Ikiwa kamba tu ilileta hukumu hiyo, itakuwaje silaha? Katika Sahihi Muslim tunajifunza kuwa anayemwelekezea nduguye chuma, malaika wanamlaani mpaka aache, hata kama ni ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja. Kwa nini atajwe ndugu wa tumbo moja? Wanachuoni wanasema ni kwa sababu huyo ndiye mtu ambaye kwa kawaida huwezi kumdhuru kwa makusudi. Ukimwelekezea silaha, kila mtu atajua unatania. Kwa hiyo utani umeingia ndani ya katazo, na mlango wa "nilikuwa natania" umefungwa mapema.

Na katika Bukhari na Muslim ipo sababu ya pili: mwenye kuelekeza silaha hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake, akajikuta shimoni motoni. Hajui! Neno hilo lilisemwa zama za panga na mishale, ambapo angalau unaona makali. Ya bunduki yamejificha ndani.

Mnaosema "haina risasi", chukueni mfano huu. Oktoba 1984 mwigizaji wa Marekani, Jon-Erik Hexum, kijana wa miaka 26, alikuwa anangoja zamu yake kurekodi tamthilia. Mkononi ana bastola yenye risasi baridi, zile zenye baruti na kizibo lakini hazina risasi yenyewe. Kwa mzaha akaiweka kwenye panja la uso wake, akavuta. Nguvu ya ule mlipuko ikavunja mfupa wa kichwa ukaingia kwenye ubongo. Siku ya sita alikuwa maiti. Hapo hakuna adui wala ugomvi. Ni kuchoka kungoja, mzaha, na kuamini kwamba chombo ni salama.

Na aliyemuua mwenzake bila kukusudia, Qur'ani imempangia yake katika Surat An-Nisaa, aya ya 92. Familia ya marehemu ilipwe diya, ila wakisamehe, na muuaji aache huru mtumwa muumini. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Ndugu zangu, sisi hapa tuko siku ya 21 na tumeshaanza kuhesabu zilizobaki. Huyo atafunga siku zinazokaribia sitini, akila siku moja bila udhuru anaanza upya, na kila akifuturu anajua kwa nini amefunga. Kwa mzaha wa sekunde tatu.

*Lipo swali ambalo najua litaulizwa:* "Ustadh, mbona Maswahaba walitaniana? Vipi kuhusu Nu'ayman?" Ni kweli. Kipo kisa kwamba katika msafara mmoja Swahaba alimuuza mwenzake kwa wapita njia kwa ngamia kumi, akiwaambia ni mtumwa wake, na Abubakar akaenda kumkomboa. Mtume (s.a.w.) na Maswahaba wakakicheka kwa mwaka mzima. Isnadi yake wanazuoni wa hadithi wameizungumzia. Lakini tukikichukua kama kilivyo, ngamia walirudishwa na mtu akarudi. Mzaha ule ulikuwa na njia ya kurudi nyuma. Risasi ikishatoka, Abubakar gani ataifuata?

Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitania. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atambebaje? Akakumbushwa kwamba kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Mwisho wa mzaha huo, aliyetaniwa anapata mnyama wake na anaondoka anatabasamu.

Sisi Watanzania utani tunaujua kuliko wengi. Tuna utani wa makabila, wa babu na mjukuu, wa mashemeji. Mtani anaweza kuingia kwenye msiba wako akavaa kofia ya marehemu, na ukacheka huku machozi yanakutoka. Kwa nini huchukii? Kwa sababu unamjua ni mtani wako, na kesho na wewe utamfanyia. Utani ni wa watu wawili. Yule bodaboda kwenye klipu hakuwa mtani wa mtu. Mpaka dakika ya kamera alikuwa peke yake na kifo chake, na kicheko chake cha mwishoni hakihesabiki kuwa ridhaa. Angefanya nini, alie mbele ya simu?

Basi je, hakuna hali yoyote inayofaa? Watoto wanaorushiana maji kwa bastola za plastiki, kila mmoja anajua na kila mmoja amekubali, huo ni mchezo. Waigizaji waliokubaliana nao wana kazi yao, kwa tahadhari, na Hexum ametuonyesha tahadhari gani. Lakini mzaha ambao hauchekeshi mpaka mtu mmoja aamini kwamba anakufa, huo mimi siujui uhalali wake, iwe bunduki ya kweli, tupu, au ya plastiki.

*Kazi yetu ya leo:*

Wazazi, Idi inakaribia na bastola za kuchezea zitajaa sokoni. Mkinunua, mfundisheni mtoto jambo moja: haielekezwi kwenye uso wa mtu asiyecheza.

Walinzi na askari mliomo humu, mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni aliamrishwa aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru mtu. Mdomo wa bunduki utazame chini, hata mkiwa na rafiki.

Na sisi wa barazani tuchunge vicheko vyetu. Mlinzi yule aliomba radhi usiku ule ule. Mimi nilichelewa siku mbili.

Kijana uliyeuliza, mtafute yule dereva kama unamfahamu. Usimpeleke kamera.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliowatisha waja wako tukidhani tunacheza. Uwape amani walioikimbia vita, usiwafanye waikute tena mikononi mwetu. Na utujaalie tuwe watu ambao jirani akituona usiku anafurahi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho baada ya alfajiri, inshaAllah.