Kuweka Akiba na Kuzuia

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa kuweka akiba si dhambi. Nabii Yusuf (A.S.) aliweka nafaka katika miaka 7 ya neema, ilipofika njaa, akafungua maghala. Nami nyumbani nina sanduku la vipuri vya baiskeli: gololi, spoki, minyororo. Alfajiri moja jirani yangu alipiga hodi; mnyororo wake umekatika, na samaki wake hawangoji jua. Nikamwambia, "Sina." Mnyororo ule ungali sandukuni, umeshika kutu. Sura ya 107, Al-Maun, yawalaumu wanaowanyima watu vyombo vidogo, na wafasiri wametaja chungu, ndoo na shoka. Basi kosa si sanduku. Kosa ni kulifunga mbele ya mwenye haja.