Mjane wa Mwana wa Nabii, na Habari za Bima

Neno la kusoma: Wafalme wa Pili 4:1-7



Habari ya mjane na chupa ya mafuta twaijua sote, maana twawafundisha watoto wa Jumapili. Lakini twaifundisha upesi upesi, tukiukimbilia mwujiza, hata twauruka mwanzo wake. Na mwanzo ndio huu: mume wa mwanamke huyu alikuwa mmoja wa wana wa manabii, yaani mtu wa kazi ya Mungu kama sisi. Tena alikuwa mcha Mungu, na Elisha alimjua kuwa hivyo. Akafa, akaacha deni. Mwenye kumwia akaja kuwachukua watoto wawili wa marehemu wawe watumwa wake. Andiko halisemi popote ya kwamba mtu huyu alikuwa mvivu au mlevi. Alikufa tu kabla ya kulipa, na ucha Mungu wake haukuwaokoa watoto mkononi mwa yule mdai.

Imetupasa kusema habari iliyo karibu zaidi. Miaka kadha iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukiuhudumia, mwalimu mmoja alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi ukawa mzito. Wazee walimpa posho yake miezi 4, kisha mwalimu mwingine akawekwa mahali pake, na posho ikamfuata huyo. Mgonjwa aliishi miaka 3 na zaidi. Mkewe aliuza ng'ombe, akaliweka rehani shamba la kahawa, akamtoa binti yao shuleni akiwa kidato cha pili, naye binti akaenda mjini kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Sisi tulikwenda kumwombea kila mwezi, tukampelekea Meza ya Bwana, na mara nyingine kilo chache za sukari. Hata alipofariki, chama cha kuzikana kikaamka. Jeneza zuri likanunuliwa, maturubai yakaja, na magari mawili, na ng'ombe wa kuchinja. Sisi wenyewe tulizihesabu fedha zile katika ofisi ya usharika, na kwa siku 2 zilizidi mara nyingi yote tuliyompa alipokuwa hai. Baada ya matanga mjane alituuliza neno moja, wala hakuwa na hasira: "Baba Mchungaji, fedha hizi zilikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu twaandika haya.

Wako ndugu wasemao ya kwamba kununua bima ni kukosa imani, na wengine wasemao ya kwamba kutaja kifo mbele ya watoto ni uchuro. Hao wa pili tutawajibu kwa ufupi: kifo hakingojei kutajwa. Hao wa kwanza yafaa tuwaambie habari za wachungaji wawili wa nchi ya Uskoti, Robert Wallace na Alexander Webster, waliokuwa Edinburgh zaidi ya miaka 270 iliyopita. Waliona wajane wa wachungaji wakihangaika, maana nyumba ya mchungaji ni ya kanisa, na akifa mjane hutoka. Hawakuridhika na sadaka za huruma. Waliandika kila mahali kuuliza wachungaji ni wangapi, wana umri gani, wangapi wana wake na watoto. Kwa msaada wa Colin Maclaurin, mwalimu wa hesabu, wakapata ya kwamba wachungaji walio hai huwa kama 930, na kila mwaka hufa kama 27, na katika hao 18 huacha wajane. Nani atakufa, hawakujua; hilo walimwachia Mungu. Ni wangapi watakaokufa, hilo walilihesabu. Sheria ya mfuko wao ilipita mwaka 1744, na kila mchungaji akatoa mchango wake wa mwaka kadiri alivyochagua, ili mjane wake alipwe kila mwaka. Walikadiria ya kwamba mwaka 1765 mfuko utakuwa na pauni 58,348. Ulipofika mwaka huo zilikuwamo pauni 58,347. Watu hawa walikuwa wakihubiri kila Jumapili, ndugu zetu, wala hatujasikia ya kwamba hesabu iliwapunguzia sala.

Basi ya kuchagua ni yapi? Bima ya matibabu hatutaisema kwa urefu; kila nyumba iwe nayo kwanza, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imekwisha kupitishwa katika nchi yetu, mwaka 2023. Lakini ile humlipa daktari. Haiweki unga chunguni wakati baba amelala. Kwa hayo ziko bima za namna tatu nyingine, na watu huzichagua kinyumenyume: huanza na mazishi kwa sababu mazishi huonekana na watu wote.

Ya kwanza kufikiriwa ni bima ya kulinda kipato, impayo mgonjwa sehemu ya mshahara wake kila mwezi muda asioweza kufanya kazi. Kabla ya kuinunua, mtu aulize ana nini tayari. Aliyeajiriwa kwa mkataba analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: akiugua, atapata likizo ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Akiwa mwanachama wa NSSF, kuna na pensheni ya ulemavu kwa aliyetimiza masharti yake. Kwa hiyo shimo lake huanza baada ya siku zile 126. Bima hizi huwa na muda wa kungoja kabla ya kulipa, na kwa kawaida muda ukiwa mrefu, mchango huwa mdogo. Mwenye mkataba wa kazi anaweza kuchagua kungoja miezi kadha, maana mwajiri anamlisha wakati huo. Mwenye duka hawezi.

Tena kuna maneno machache katika hati hizi yatupasayo kuyasoma mara mbili. Hati nyingine husema italipa ikiwa mtu hawezi kufanya kazi yake mwenyewe. Nyingine husema italipa ikiwa hawezi kufanya kazi yo yote. Tofauti yake ni kubwa kuliko ionekanavyo. Mwalimu aliyepotewa na sauti hawezi kuhubiri, lakini aweza kulinda lango. Kwa hati ya kwanza atalipwa. Kwa hati ya pili ataambiwa akalinde lango.

Lakini twajua ya kwamba wengi wa wasomaji wetu ni wakulima, au waalimu wa posho wasio na mkataba, na bima ya namna hii ni haba kwao. Hapa wazee wa usharika wana kazi. Waandike katika kitabu cha mikutano, mwalimu akiugua posho yake itaendelea miezi mingapi, na itatoka wapi. Kuamua hayo siku ya ugonjwa, mgonjwa akiwa kitandani na mgombea wa kazi mlangoni, ni vibaya. Sisi tulifanya hivyo.

Ya pili ni bima ya magonjwa mazito. Hii ilizaliwa katika bara letu. Daktari Marius Barnard wa Afrika Kusini, aliyekuwa pamoja na kaka yake Christiaan siku ya kubadilisha moyo wa mtu kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town mwaka 1967, aliona wagonjwa aliowaponya wakirudi nyumbani na kuharibiwa na umaskini, wengine wakirudi kazini kabla ya kupata nguvu. Mwaka 1983 bima aliyoibuni ikaanza kuuzwa, ya kulipa fedha kwa mkupuo mmoja mtu akipatikana na mojawapo ya mambo manne: mshituko wa moyo, kiharusi, saratani, au upasuaji wa mishipa ya moyo. Siku hizi orodha ni ndefu zaidi. Lakini ni orodha. Ugonjwa usioandikwa haulipwi, hata ukimlaza mtu mwaka mzima. Na ulioandikwa hulipwa kwa kipimo kilichoandikwa, maana saratani iliyo changa sana mara nyingi huachwa nje. Hati nyingi hutaka pia mgonjwa awe hai siku kadha baada ya ugonjwa kujulikana. Mwalimu wetu yule angalilipwa kwa bima hii, na shamba la kahawa lingalikuwa la watoto wake hata leo.

Ya tatu ni bima ya maisha. Hapa turudi kwa Elisha. Alimwambia mjane auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki yeye na wanawe waishi kwa hicho. Hesabu yote ya bima ya maisha imo humo: deni kwanza, kisha riziki. Tuseme mtu ana deni la shilingi 3,000,000, na nyumba yake yala shilingi 250,000 kwa mwezi, na kitinda mimba wake ana miaka 8. Mpaka mtoto afike miaka 18 ni miaka 10, yaani shilingi 30,000,000. Pamoja na deni 33,000,000. Atoe humo pensheni ya warithi kama ipo, na deni ambalo mkopo wenyewe una bima, maana mikopo mingine ina bima ndani yake. Kisha akumbuke ya kwamba bei hupanda. Alinganishe hayo na bima ya shilingi 2,000,000 aliyokatiwa ya mazishi, na aone ya kuwa amewawekea akiba wala pilau, hakuwawekea watoto.

Wauzaji watampendekezea pia bima yenye akiba ndani, irudishayo fedha mwishoni. Si mbaya, lakini kwa mchango ule ule kinga yake huwa ndogo kuliko bima ya muda isiyorudisha kitu, na aivunjaye mapema hupata hasara. Kwa mwenye watoto wadogo na mshahara mdogo, sisi twaona ya muda yafaa zaidi. Atakayekuwa na ziada aiweke pengine. Wala asichukue mchango asioweza kuutoa mwezi wa njaa, kwa maana bima iliyokatika haina huruma.

Sasa neno gumu. Mtu mmoja tuliyemjua alikuwa akitumia dawa za presha. Alipojaza fomu, wakala alikuwa na haraka, naye akaandika ya kwamba hajapata kutibiwa ugonjwa wo wote, ili mchango uwe mdogo. Akafa mwaka ule ule. Kampuni ikatazama vitabu vya hospitali, ikakataa kulipa. Tulikwenda na mjane kusihi. Tukaonyeshwa sahihi ya mumewe. Tulipokuwa tukifundisha amri ya nane tulikuwa tukitaja majirani na mahakama. Sasa twataja na fomu za bima. Kabla ya kutia sahihi, mtu asome kila jibu lililoandikwa kwa jina lake, na aulize kama muuzaji amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Aandike na jina la mnufaika, na abadilishe mambo yake yakibadilika; tumeona hati iliyomtaja mama aliyekwisha kufa, na ukoo mzima ukagombana juu yake.

Chama chetu cha kuzikana nacho kilibadili katiba baada ya msiba ule. Theluthi moja ya michango sasa ni ya wanachama walio hai waliolala kitandani zaidi ya miezi 3. Haikupita bila magombano. Mzee mmoja, tena mtu mwema, alisema hataki kuzikwa kwa jeneza la mbao nyembamba. Tukamwambia mbao zitakuwa zile zile, ila tutachinja ng'ombe mdogo. Akacheka, akatia sahihi.

Kwa sharika zilizo karibu nasi: Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya asubuhi, tutasoma hati za bima pamoja usharikani. Kila mwalimu alete alizo nazo, hata kama ni kitabu cha chama cha kuzikana tu. Aje na mkewe, maana yeye ndiye atakayezitafuta siku moja, na afadhali ajue zimewekwa katika sanduku gani.